Hatua Tatu kutoka kwa Mbwa

Mbwa wote wa Shinyanga walimpenda mtu ambaye hakuwagusa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililoniuma, na nikianza na jambo jingine nitakuwa naficha.

Alikuwa muuza nyama. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya maduka ya Wahindi, njia ya kwenda stesheni, na machinjio yake yalikuwa nyuma zaidi, penye miti ya kuwambia ngozi. Jina lake halikutumika sana. Sisi tulimwita Muuza Nyama, na kwangu lilitosha. Wengine walisema ametoka Ujiji, wengine Tabora, na yeye aliwakubalia wote. "Ndiyo, huko huko," alisema, akiendelea kukata.

Kila asubuhi kabla ya kutundika nyama alichukua bakora yake akachora mstari mavumbini mbele ya kibanda. Watu walivuka mstari, mbwa hawakuvuka. Hapakuwa na ua wala miiba, ni mstari tu, tena upepo uliufuta kabla ya adhuhuri, lakini mbwa walikaa nyuma yake wamenyoosha mikono kama watoto wa darasa la kwanza. Mbwa mgeni akivuka hakupigwa. Muuza Nyama alimtazama akamwuliza, "We bwana, umepotea njia?" Mbwa akarudi nyuma. Mimi nilikuwa na mbwa mmoja tu duniani, nikimlisha kwa mkono wangu mwenyewe, na ilinibidi nimwite mara tatu ndipo ageuze sikio.

Alikuwa Mwislamu wa kushika dini. Mate ya mbwa yakimgusa ilimpasa kuosha mara saba, mara moja kwa udongo, naye alieleza hivyo kwa kila aliyeuliza, akimalizia, "Na maji ya Shinyanga unayajua." Hilo lilieleweka. Lisiloeleweka lilikuwa jingine. Mtu akimletea mbwa wake amtazame, Muuza Nyama alitoka kibandani, akapima kwa macho, akasimama hatua tatu kamili kutoka kwa mbwa. Hakusogea mbele wala nyuma. Hata mbwa akiwa mkavu kama kuni, hata kiangazi. Siku moja maalim wa chuo cha Kurani alimwambia mbele ya watu, "Mbwa mkavu kwa nguo kavu hana neno, bwana. Mbona unajitenga namna hiyo?"

"Najua, maalim," alijibu, na hakusogea.

Mimi nilisema moyoni kwamba ni majivuno.

Nataka ijulikane pia kwamba hakuwa mtakatifu. Kidole chake gumba kililala kwenye mizani kila siku, nacho kilikuwa kinene kwa kazi hiyo. Jirani yetu Mama Kulwa, ambaye hakuogopa mtu, alimkabili mara nyingi.

"Baba, toa kidole chako."

"Kidole hiki, Mama Kulwa, nimezaliwa nacho."

"Basi kikate unifungie. Nimeshakinunua mara ngapi?"

Watu wakacheka, na yeye akacheka kuliko wote, akaongeza kipande cha ini. Kesho yake kidole kilikuwa palepale. Tena aliogopa ng'ombe. Sisemi utani. Mchinjaji yule alikuwa akisubiri nyuma ya mlango wa machinjio mpaka mnyama amefungwa miguu na kulazwa, ndipo atoke na kisu na bismillahi yake. Ng'ombe akigeuza kichwa ghafla, aliruka. Sisi Wasukuma tunalala na ndama ndani ya nyumba, kwa hiyo jambo hilo lilitufurahisha sana. Mimi lilinifurahisha kuliko wengine, nami nililihadithia kila nilipopata mtu wa kusikiliza, ingawa si kawaida yangu kuhadithia.

Lakini juu ya mbwa hakudanganya. Aliyedanganya kwa nyama alikuwa mkweli kwa mbwa, na sijui kwa nini ilikuwa hivyo. Hasa walimwendea watu ambao mbwa wao alikuwa na mimba ya kwanza, kwa maana hao huwa hawajui kitu na huwa na hofu. Kwa kila mmoja alianza na swali lilelile: "Nikusifie au nikwambie?"

Nakumbuka karani wa stesheni, mtu wa mbali, viatu vyake viking'aa. Alimleta mbwa mdogo wa rangi ya udongo, tumbo limeshuka.

"Mzee, nimemwandalia kila kitu. Nimemnunulia blanketi."

"La nani?"

"La mbwa."

"Mkeo analo?"

Watu waliokuwa wakingoja nyama wakaangua kicheko. Karani akasema yeye hakuja kuchezewa. Muuza Nyama akatoka, akasimama hatua zake tatu. "Nikusifie au nikwambie?"

"Niambie."

"Ana umri gani?"

"Hajatimiza mwaka."

"Basi umeoza mtoto."

"Sikumwoza mimi! Dume liliruka ua."

"Ua ni la nani?"

Hapo Muuza Nyama akaacha mzaha, na sauti yake ikashuka. "Sikiliza, bwana karani. Wengine watakwambia atazaa salama, kwa sababu viatu vyako ni vizuri. Mimi nakwambia anaweza kufa yeye, wanaweza kufa watoto, au anaweza kuzaa akaenda zake akawaacha, maana yeye mwenyewe bado anamtafuta mama yake. Mpe chakula kidogokidogo, mara nyingi. Siku akikataa kula, akatetemeka na kuchimbachimba, ni karibu. Weka nyasi kavu mahali penye giza, kisha utoke. Usilete majirani, si arusi. Mtoto akitoka ndani ya mfuko wake na mama haupasui, upasue wewe kwa kucha, mfute pua, mrudishie mama. Kitovu usikivute. Akisukuma kutoka jua lilipo hapa mpaka hapa," akaonyesha kwa bakora, nafasi ndogo tu ya mbingu, "na hakuna kilichotoka, njoo uniite."

"Uje umzalishe?"

"Nije nisimame."

Yule mbwa alizaa watatu, akabakiza mmoja. Karani hakulalamika. Aliwaambia watu wote wa treni kwamba Shinyanga kuna mtu mmoja msema kweli, na anauza nyama pungufu.

Alikuja pia mzee mmoja wa Ngokolo, mwenye ng'ombe wengi, ambaye mbwa wake wa kuwinda alikuwa na mimba ya kwanza. Mzee alikuwa amekwisha kuwaahidi watoto kwa wakubwa wanane, na alitaka dawa ya kuwafanya wawe wengi na madume watupu. Muuza Nyama alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu, mikono nyuma. "Baba," akasema, "watoto wamo tumboni na tayari wana mabwana wanane. Akizaa wanne utawakata katikati? Maana kama ndivyo, mimi nina panga, niletee." Mzee alikasirika akaenda kununua nyama kwa mwingine mwezi mzima. Mbwa akazaa wanne. Mzee akarudi.

Alikuwa na misemo yake. "Mwenye haraka si mbwa, ni wewe." Huo ndio aliousema zaidi. Na mwingine ni huu: "Uzazi wa kwanza mama anajifunza na mwenye mbwa anajifunza. Asiyejifunza ni yule anayejua." Niliposikia watu wakiyarudia maneno hayo kisimani, niliondoka kabla ya zamu yangu.

Sasa niseme juu ya Mbula.

Mjomba wangu alirudi kutoka Geita, kwenye dhahabu, na ndani ya tenga lake mlikuwa na mtoto wa mbwa, mweusi, mwenye kifua cheupe. Mama yake alikuwa wa mzungu mmoja mpimaji wa miamba, aliyehama. Siku ile ile mvua ilinyesha baada ya ukame mrefu, nikamwita Mbula, yaani mvua kwa Kisukuma. Mjomba alinipa mimi. Nyumbani ng'ombe walikuwa wa baba, kuku wa mama, jembe la kaka, na mimi nilikuwa na Mbula. Mimi ni mtu wa kuona haya. Shuleni nilikaa miaka minne na sikumbuki kusimama mbele ya wenzangu ila kwa kulazimishwa. Kwa Mbula nilisema. Nilimwambia hata mambo yasiyosemwa, tukiwa machungani, naye alinitazama mdomoni kama anayesubiri neno lifuatalo.

Kisha nikamchukua mjini kununua nyama ya sikukuu, na akakaa nyuma ya ule mstari. Tulipokuwa tukirudi aligeuka nyuma mara nyingi. Wiki iliyofuata alikwenda peke yake.

Nilidhani ni nyama. Nilitaka iwe nyama. Asubuhi moja nilimwacha atangulie, nikajificha nyuma ya madebe matupu ya mafuta ya taa, kwenye ukuta wa duka, nikamtazama Muuza Nyama tangu alipofungua mpaka jua lilipokuwa utosini. Ningemwona akimtupia hata kipande cha utumbo, ningepona. Hakutupa kitu. Alikata nyama, akabishana na watu, akakibonyeza kidole chake kwenye mizani, na mara mojamoja, bila hata kuinua uso, alisema, "Bibi Mbula, leo umechelewa. Wenzako wamekuja mapema." Au, "Bibi Mbula, jua kali, sogea kivulini." Mkia wa Mbula ulifagia mavumbi kulia na kushoto. Kwa maneno tu! Na maneno mimi nilimpa mengi kuliko yeye, tena yangu yalikuwa ya kweli, hayakuwa ya kumpumbaza mbwa huku unakata mbavu.

Siku ile nilimpiga kwa kamba ya ndama. Sikumpiga sana, lakini nilimpiga. Alilala chini akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo. Asubuhi alikwenda tena.

Alipopata mimba sikutaka shauri la mtu. Mama ndiye aliyenilazimisha. "Huyu ni uzazi wake wa kwanza, na kwako pia ni wa kwanza. Nenda kamwulize yule mtu."

Nikaenda. Nilisubiri wateja wote waishe, kisha nikasubiri tena. Mwishowe yeye akanisemesha, akiniita kijana kwa Kisukuma. "Nyanda, umekuja kununua au kuhesabu inzi?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Ni Bibi Mbula?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Akatoka, akasimama hatua tatu, akamtazama Mbula kwa ubavu, akazunguka bila kupunguza nafasi, akamtazama kwa nyuma. Mbula alimfuata kwa macho mzunguko mzima. Mimi nilikuwa nimemshika shingo, lakini macho hayashikiki.

"Nikusifie au nikwambie?"

Nilikaza mkono shingoni mwa Mbula. Alingoja kidogo, kisha akaniambia. "Baba yao nani?"

"Yule wa mlinzi wa kiwanda cha pamba."

"Yule ndama?" Akafyonza. "Basi ni hivi. Nyonga za huyu ni nyembamba, na baba ni mkubwa. Wa kwanza anaweza kukwama. Simaanishi atakwama, nasema anaweza. Neno langu moja kubwa: usimfunge. Mbwa anayezaa mara ya kwanza hajui kitu ila kimoja, anajua mahali. Mwache achague. Akichagua kichakani, mfuate. Akichagua jikoni kwa mama yako, mama yako ahamie nje. Na akija hapa, mwache aje."

Maneno mengine yote niliyasikia kwa sikio. Hayo matano ya mwisho niliyasikia kifuani, kama mtu aliyemeza kaa la moto. Nilisema ahsante. Nilipofika nyumbani, mama aliniuliza amesemaje. Nikamwambia amesema apewe uji.

Siku zikasogea. Alhamisi moja nilimfuata Mbula mjini nikamkuta nyuma ya machinjio, chini ya miti ya ngozi, anachimba. Alikuwa amekwisha kuchimba shimo la kuingia kichwa na mabega, udongo umeruka mpaka kwenye ngozi zilizowambwa. Nilijua maana yake. Karani aliambiwa mbele yangu. Nilimwita, hakutoka. Nikaingiza mikono nikamvuta, nikampeleka nyumbani, nikamfunga kwenye nguzo ya zizi la ndama kwa kamba ya ndama. Nikamwekea nyasi nzuri, na maji, na uji wenye maziwa. Nilimpapasa kichwa. Nikamwambia, "Utazalia kwetu. Wewe ni wa kwetu." Hakula.

Nilijua nililolifanya. Sitaki kusema sikujua.

Asubuhi ya Ijumaa nilikwenda shambani na kaka kama kawaida, kwa kuwa sikutaka mtu aulize. Niliporudi jua lilikuwa limepanda. Kamba ilikuwa imezunguka nguzo mara nyingi mpaka imeisha, na mguu mmoja wa Mbula ulikuwa umenaswa ndani yake. Hakuweza kulala vizuri wala kujigeuza. Alikuwa akisukuma hivyo hivyo, nusu amesimama, na nyuma yake ilining'inia miguu miwili midogo, haitikisiki. Nilikata kamba kwa jembe. Akaanguka kwenye nyasi zangu nzuri.

Mama alikuja mbio. Alitazama, akaitazama nguzo, akanitazama mimi. "Nenda kamwite."

"Simwiti."

"Basi chukua jembe hilo hilo, ukachimbe kaburi."

Nilikimbia. Nilimkuta anafunga kibanda. Alikuwa ameoga, ametawadha, amevaa kanzu nyeupe ya Ijumaa na kofia yake, anakwenda msikitini. Mstari ulikuwa umefutika, lakini nilisimama pale ambapo huwa upo, na maneno hayakuja. Naapa nilijaribu. Yeye hakutazama uso wangu, alitazama mkono. Nilikuwa bado nimeshika kipande cha kamba.

"Umemfunga," alisema.

Akaja. Alitembea haraka kuliko nilivyodhani mzee anaweza, kanzu ameishika juu ya vifundo. Zizini alisimama hatua tatu. "Mama, leta samli na kitambaa," alimwambia mama. Kisha akanigeukia mimi: "Paka vidole. Shika miguu kwa kitambaa. Akisukuma, vuta kuelekea chini, polepole. Akipumzika, pumzika." Nikapaka, nikashika. Nikavuta kabla Mbula hajasukuma, na Mbula akageuka akaniuma hapa, chini ya kidole gumba. Mbwa wangu. Nikajaribu tena, akaonyesha meno.

Muuza Nyama alilitazama jua. Aliitazama kanzu yake. Akaivua, akaikunja, akampa mama, akabaki na msuli na fulana. Akavuka zile hatua tatu akapiga magoti.

Mbula akalaza kichwa chini.

Haikuchukua muda. Yule mtoto alitoka, dume, mkubwa, mweusi mwenye kifua cheupe kama mama yake. Muuza Nyama alimfuta pua, akamsugua, akamning'iniza kichwa chini, akamsugua tena. Akamweka pembeni juu ya nyasi. Ndipo Mbula alipomlamba mkono, yule mtu, kuanzia vidole mpaka kiwiko, polepole, kama wanavyolamba kitu chao. Na mimi, mtoto amelala amekufa mbele yangu kwa kamba yangu, na mama yake bado ana kazi, sikuona huzuni kwanza. Niliona wivu. Huzuni ilikuja baadaye, nayo ilikuta wivu umeshakaa.

Sijui kama alinitazama. Ninachojua ni kwamba aliuvuta mkono wake upesi, akainuka, akarudi nyuma mpaka hatua zake tatu, akasema, "Sasa wewe. Mimi nimekwisha."

"Ataniuma."

"Atakuuma ukivuta. Usivute. Kaa naye."

Nikakaa. Wa pili alikuja mwenyewe. Mbula hakujua la kufanya na ule mfuko, nikaupasua kwa kucha kama karani alivyoambiwa, nikamfuta, nikamsogezea. Akamlamba, kisha akanilamba mimi vidole kwa kuwa vilikuwa karibu. Walikuwa wanne walio hai. Muda wote Muuza Nyama alisimama palepale, mikono yake michafu ameitenga na mwili.

Baadaye mama alimmwagia maji kwa kibuyu. Alichota udongo wa uani kwetu, akasugua mikono mpaka juu, akaosha, akahesabu kwa sauti mpaka saba. Maji yote ya siku yakaisha. Akavaa kanzu. "Ijumaa imenipita," alisema, si kwa kulaumu, kama mtu anayesema treni imekwenda.

"Wabeja, baba. Wabeja sana," mama alimshukuru, machozi yakimtoka. Kwetu mtoto wa mbwa hatolewi bure. Anayemchukua huleta chochote, hata yai, la sivyo mbwa hatakaa. Lakini aliyesaidia uzazi huchagua wa kwanza bila kuleta kitu. Mama alimwambia achague.

"Mbwa kwangu, mama? Na maji yatoke wapi?"

Nilifurahi kwamba amekataa. Hapo hapo nikakasirika kwamba amekataa, kana kwamba watoto wa Mbula hawamtoshi.

Mlangoni aliniita. "Leo sikukuuliza nikusifie au nikwambie. Nakwambia. Baba mkubwa na nyonga nyembamba, hayo si yako. Kamba ni yako. Watu watakupa pole, watasema ni kazi ya Mungu. Wewe ujue."

Nilimchukia kwa maneno hayo mwaka mzima. Hakumwambia mtu mwingine. Nililisubiri neno la kamba lirudi kutoka kisimani, au kwa Mama Kulwa, halikurudi. Hata hilo sikumsamehe.

Watoto walipoweza kutembea, Mbula aliwaongoza wote wanne mpaka mjini akawakalisha nyuma ya mstari. Nilisikia watu wakicheka, "Muuza Nyama, umeletewa wajukuu!" Yeye alitoka, akawatazama kwa mbali. "Bibi Mbula, hongera. Sasa warudishe kwa mwenyewe, ana wasiwasi." Alijua kwamba nilikuwa nyuma ya madebe.

Kisha akahama. Alisikia kwamba huko Geita wachimbaji wanakula nyama kila siku, akafunga kibanda akaenda. Hakumuaga mtu, au labda hakuniaga mimi. Mbula alikwenda kila asubuhi akalala pale ulipokuwa mstari, na watu walimruka wakipita. Alipopata mimba ya pili, sikumfunga. Alikwenda akachimba palepale, chini ya miti ya ngozi iliyobaki mitupu. Nilimpelekea uji huko, nikakaa naye akazaa watano, wote wazima. Nilikuwa namwonea wivu mtu asiyekuwapo. Nilionea wivu shimo.

Mwaka jana nami nilikwenda Geita kutafuta kazi, nikapata ya kubeba magogo ya kuegemeza mashimo. Mbula nilimwacha kwa mama, amezeeka kidogo. Siku ya mapumziko niliona mbwa wamekaa kwenye safu kando ya njia, wamenyoosha mikono. Nikasimama. Sikuhitaji kuuliza.

Alikuwa amekonda. Jicho moja lilikuwa na ukungu mweupe. Kidole kilikuwa mahali pake, mizanini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani?"

"Mimi wa Shinyanga. Mwenye Mbula."

Akaacha kukata. "Aa! Mwenye kamba!"

Wateja wakacheka bila kujua wanacheka nini. Uso ulinichoma, nikataka kuondoka. Lakini aliuliza kwa sauti nyingine, "Yupo?"

"Yupo. Alizaa tena. Watano."

"Wapi?"

Ningeweza kusema nyumbani. "Kwako. Chini ya miti ya ngozi. Ulikuwa umekwisha kuondoka."

Alifuta kisu kwenye gunia, pande zote mbili, akakifuta tena.

Hapo ndipo alipokuja mchimbaji mmoja kijana, mwenye matope mekundu mpaka magotini, anavuta mbwa jike wa madoadoa kwa kamba. Tumbo la mbwa lilikuwa karibu kugusa njia. "Mzee, nimeambiwa wewe ndiye unayejua. Ni mara yake ya kwanza. Nami sijawahi."

"Jicho langu limekufa," Muuza Nyama alisema. "Mwulize huyu."

"Huyu anajua?"

"Anajua jambo moja ambalo mimi silijui. Yeye amelifanya."

Niligeuka nimwambie kwamba siwezi, kwamba mimi si msemaji. Alikuwa amekwisha kuinamia mbavu zake. Basi nikamwendea yule mbwa, nikachuchumaa, nikamtazama nyonga. Mchimbaji alingoja.

"Nikusifie au nikwambie?" nilisema.

"Niambie."

"Usimfunge. Atachagua mahali mwenyewe. Panaweza pasiwe kwako, na utaumia. Mwache hivyo hivyo."

"Kwani nikimfunga kuna nini?"

"Mimi nilimfunga wangu. Wa kwanza akafa."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisema kwa sauti. Nikaendelea na mengine, uji, nyasi kavu, mfuko, kitovu, jua kutoka hapa mpaka hapa. Nilisema mengi, sijui yalitoka wapi. Nikiwa bado nasema, yule mbwa wa madoadoa alisogea, akanusa mkono wangu, penye kovu chini ya kidole gumba, akaulamba. Kisha akalala miguuni pangu akaweka kidevu juu ya unyayo.

Niliinua macho kumtazama mchimbaji. Hakuwa akinisikiliza tena. Alikuwa akimtazama mbwa wake, na mkono wake uliizungusha ile kamba mara moja, mara mbili, mpaka vidole vikawa vyeupe. Uso ule niliujua. Niliuvaa miaka mingi.

Nilitazama kibandani. Muuza Nyama alikuwa amesimamisha kisu, jicho lake zima linanitazama kuona nitafanya nini.

Niliutoa unyayo wangu taratibu chini ya kidevu cha mbwa, nikainuka, nikarudi nyuma hatua tatu.